Mke Wangu Halali

Kama wiki iliyopita ulilala mapema ukakosa kunisoma, hongera, nakuonea wivu.

Mimi ni yule muuza magodoro mwenye weusi chini ya macho. Si weusi wa kusingizia, ni weusi wa kuonwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ulianza kama kivuli, nikailaumu taa ya bafuni. Nikabadilisha taa, ukaonekana vizuri zaidi.

Tangu hapo dukani sina amani. Bosi wangu, ambaye wote tunamwita Mzee Sponji, ametundika bango kubwa mlangoni: HAPA NI MAGODORO HALALI TU. Anawapiga vijembe wale wa mtaa wa pili wanaouza ya bandia. Basi mteja mmoja akalisoma bango, akaniangalia usoni, akamwambia mkewe, "Magodoro sijui, ila muuzaji kweli halali." Wakacheka mpaka wakasahau kununua.

Dawa nimejaribu, msinione mvivu. Nimejiwekea vipande vya tango machoni, mume wangu akapita akauliza kama saladi imeiva. Nimeweka vifuko vya majani ya chai vilivyopoa. Nimeweka vijiko kwenye friji nikajikandamiza navyo mpaka pua ikafa ganzi. Nimekula ini mpaka nikaona haya kumtazama ng'ombe. Nimepaka poda ya kuficha, ikafika saa za joto ikayeyuka, mteja akanipa pole ya msiba.

Ndipo nikaenda zahanati. Wiki iliyopita niliwaachia pale mlangoni, nimeitwa niingie. Haya, tuingie wote.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu na macho meupe kabisa, jambo lililoniudhi tangu mwanzo. Akanivuta kope ya chini kwa kidole, akachungulia.

"Damu unayo," akasema. "Nani mwingine kwenu ana weusi kama huu? Mama? Dada?"

"Hakuna. Kwetu wote wana macho kama ya kwako."

"Basi si wa kurithi. Unalala?"

"Najilaza. Kulala ndiyo sijui. Nageuka huku, nageuka kule, kunakucha."

"Pua inaziba?"

"Nikigusa mto tu."

"Chafya?"

"Asubuhi. Mpaka jirani ananipa pole kupitia ukutani."

"Na macho unayasugua."

"Yanawasha, daktari! Nitaachaje kuyasugua?"

Akaandika kitu, akainua uso. "Unalalia nini?"

"Mimi nauza magodoro," nikajibu, tena kwa kiburi kidogo.

"Sijakuuliza unauza nini. Nimekuuliza unalalia nini."

Nikajifanya natafuta kitambaa mkobani. Maana wasomaji wangu, hili sijawahi kuwaambia, na nilitamani nisiwaambie kabisa. Mimi ninayeshinda nikiwasifia watu sponji nzito, sponji ya mgongo, sponji ya wanaoanza maisha, nyumbani nalalia sufi. Ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, inayoruka ukiipulizia. Godoro la kushonwa kwa mkono, limebonyea katikati, ukilala pembeni linakurudisha kati lenyewe.

"La siku nyingi?" daktari akauliza.

"Tangu tulipooana."

"Hapo ndipo ugonjwa wako ulipo. Una mzio. Godoro la zamani lina vumbi, na ndani ya vumbi kuna vidudu ambavyo macho hayavioni. Unavivuta, pua inavimba kwa ndani, damu inakwama kwenye vishipa vya chini ya macho. Pale ngozi ni nyembamba, kila kinachokwama kinaonekana. Nawe unasugua, unazidisha."

"Nipe dawa ya kupaka basi."

"Nitakupa vidonge vya mzio. Mashuka ufue kwa maji ya moto. Maji baridi usoni asubuhi, na mikono yako kaa nayo mbali na macho. Lakini dawa yenyewe ni godoro litoke."

"Haliwezi kutoka, daktari."

"Limejengewa?"

"Amelishona mama mkwe."

Akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza niliona ananihurumia.

"Hapo," akasema, "mimi sina dawa."

Nikirudi njiani nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu nikamkosa. Mama mkwe wangu si wale wakwe mnaowasoma magazetini. Hajawahi kunisema vibaya. Nikiumwa, anakuja kabla ya mwanawe hajajua naumwa. Ananiita mwanangu, na mwanawe wa kumzaa anamwita "huyo." Kila mwaka anatuletea kifurushi cha sufi mpya, anakaa kitandani kwetu na sindano yake ndefu, anafumua pembe, anajaza, anashona tena, anauliza, "Sasa si mnalala vizuri?" Nasi tunaitikia kwa pamoja.

Kumbe kila mwaka alikuwa ananijazia weusi machoni kwa mapenzi yake yote.

Nikamkabili mume wangu. Yeye ni fundi wa friji, na maneno yake ni ya kuhesabika. Anaweza kukaa na friji moja mchana kutwa, na jioni akakuambia, "Ni gesi."

"Daktari amesema godoro litoke," nikamwambia.

"Lipi?"

"Kwani tuna mangapi?"

Akafikiri. "La mama?"

"La mama."

"Lo."

"Lo ndiyo nini? Ulitoe au nilitoe?"

"Mama atajisikia vibaya sana."

"Basi mwambie taratibu."

"Mwambie wewe."

"Ni mama yako!"

"Ni mkweo."

Tukavutana hivyo mpaka chakula kikapoa. Mwisho tukakubaliana kama watu wazima wenye akili zao: hatutamwambia mtu. Tutanunua lingine, la mama tutalificha mahali, na akija na sufi yake tutalirudisha kitandani alifumue, alijaze, aondoke na furaha yake. Mpango ulikuwa mzuri jamani. Nikiutazama hata leo siuoni ulipopungua.

Mzee Sponji aliniuzia jipya huku anapiga makofi. "Hatimaye umepata akili! Muuza magodoro unalalia nini siku zote, majani?" Sikumweleza. Na la mama mkwe tukalipeleka kwa jirani, yule yule wa kunipa pole ukutani. Ni fundi cherehani, ameachika, anakaa peke yake, na chumba chake kina kona pana nyuma ya cherehani.

"Leteni," akasema. "Ila mkija kulichukua mpige hodi, mimi si stoo."

Mume wangu akajitwisha godoro kichwani, akavuka ua mchana kweupe, akainama mlangoni kwa jirani, akaingia nalo. Ua mzima ulimwona. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma yake nimeshika pembe, nikimwambia aangalie kizingiti.

Usingizi niliolala kwenye godoro jipya, sina la kusema. Nilichelewa kazini. Pua ilizibuka, nikasikia harufu ya nyumba yangu upya, nikagundua soksi za mume wangu. Weusi lakini ulibaki pale pale. Daktari alikuwa ameniambia nisitegemee miujiza, hauondoki kama kuzima taa, utaisha taratibu. Nikasema sawa, nimengoja mengi, nitangoja na hili.

Sasa sikilizeni lilivyoanza.

Mume wangu akamtumia mama yake picha. Tumesimama mlangoni, yeye kavaa shati jipya, anataka mama alione shati. Mama hakuliona shati.

Jioni hiyo nikamwona anaandika kwenye simu, kidole kimoja, ulimi nje.

"Mama anauliza macho yako," akasema.

Nikamsogelea. "Umemwambia nini?"

"Ukweli."

"Godoro?"

"Sijataja godoro. Nimemwambia ukweli tu."

Nikamwona ana busara kumbe, mume wangu. Nikampikia chai.

Kesho yake nilikuwa dukani, namwonyesha mama mmoja na binti yake godoro la kitanda kikubwa, Mzee Sponji yuko kwenye kiti chake anahesabu mito. Mlango ukafunguka. Akaingia mama mkwe.

Hakuwa na kifurushi cha sufi. Hakuwa na sindano. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwenda msibani, na mkononi ameshika simu kama mtu aliyeshika ushahidi.

"Mama! Karibu, shikamoo, mbona bila taarifa?"

Hakuitikia hata shikamoo. Akaja mpaka kwangu, akanishika uso kwa viganja viwili, akaugeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba chini ya jicho la kulia, kisha la kushoto. Machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu," akasema polepole, "amekupiga lini?"

"Nani, mama?"

"Usimfiche. Mimi ndiye niliyemzaa, na kama ni kumshughulikia nitaanza mimi."

"Hajanipiga, mama! Haki ya Mungu!"

"Wote husema hivyo. Halafu husema ni mlango. Usiniambie mlango." Akageuka kwa Mzee Sponji. "Baba, samahani. Miwani nimeiacha nyumbani kwa haraka. Nisomee hapa, jana pia sikuwa nayo, niliandikiwa na kusomewa na kijana wa duka la kwetu, nataka nisikie tena kama nilisikia sawa."

Mzee Sponji akaacha mito. Kuombwa kusoma mambo ya watu ni jambo alilolisubiri maisha yake yote. Akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya matangazo.

"Hapa wewe mama umeandika: 'Mwanangu, mwenzako macho yana nini? Umemfanya nini?'"

"Ndivyo. Naye?"

"Naye kajibu: 'Mama, mke wangu halali. Usijali.'"

Yule mama mteja akaliacha godoro, akasogea asikie vizuri.

Ndugu msomaji, mimi nilielewa papo hapo. Mume wangu mwenye maneno ya kuhesabika alikuwa anamwambia mama yake kwamba mke wake hapati usingizi, basi, asiwe na wasiwasi. Lakini Mzee Sponji ni mtu ambaye neno hilo ameliandika mlangoni kwa rangi nyekundu, na kwake lina maana moja tu. Na alivyolisoma, kwa kishindo, hata mimi kidogo niliamini nimepigwa.

"Mke wangu halali!" Mzee Sponji akarudia, mishipa imemtoka. "Ndiyo jibu hilo? Mzazi anauliza mtoto wa watu kafanywa nini, anajibiwa ni mke halali? Kwa hiyo halali inapigwa? Mimi hapa nauza godoro halali, na bado nawakataza wateja kulijaribu kwa ngumi!"

"Na eti nisijali," mama mkwe akasema. "Mimi. Nisijali."

Yule mteja akamvuta binti yake karibu. "Unawaona wanaume?" akamwambia. "Ndiyo maana nakwambia usiwe na haraka." Godoro la kitanda kikubwa likafia hapo.

"Mama, ngoja," nikasema. "Hakumaanisha hivyo. Alimaanisha mambo ya usi..."

"Wala usiniambie usingizi!" Akaninyooshea kidole. "Juu ya godoro lile nililowashonea mimi, hata mwenye jino bovu angelala. Nimeishika sufi moja moja, nimetoa mbegu moja moja. Mtu asilale pale ana nini?"

Nikaufunga mdomo.

Hapa ndipo mniseme mnavyotaka. Neno lilikuwa ulimini. Ningesema, mume wangu angesafishika pale pale mbele ya Mzee Sponji na wateja. Lakini kulisema ilikuwa ni kumwambia huyu mama aliyekuja bila miwani kunipigania kwamba kinachonitia weusi ni mikono yake. Nikaangalia chini. Na mwanamke anayeulizwa kama anapigwa, kisha akaangalia chini, ameshajibu.

"Maskini," Mzee Sponji akasema. "Kumbe ndiyo maana juzi kanunua godoro jipya. Nikajiuliza, huyu vipi?"

Mama mkwe akageuka taratibu. "Godoro jipya la nini? Si analo langu?"

"Mimi sijui, mama. Nimemuuzia mwenyewe."

"Mwanangu, langu liko wapi?"

"Lipo, mama," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Lipo wapi?"

"Limehifadhiwa."

"Twende nyumbani."

Njia nzima, kila nilipofungua mdomo alinipapasa mkono, akasema, "Usijali, nipo." Nikamwandikia mume wangu kwa kificho: Njoo haraka, mama yupo, umeniua na halali yako. Akajibu: Ipi?

Tulipofika aliingia moja kwa moja chumbani. Akainua pembe ya shuka, akaona sponji. Akainua upande wa pili, kana kwamba lake huenda limejificha chini. Akachungulia uvunguni. Akatazama juu ya kabati.

Hapo ndipo ilipotoka chafya upande wa pili wa ukuta. Kubwa. Ikafuatiwa na nyingine.

"Nani huyo?"

"Jirani, mama. Fundi cherehani."

"Anakaa na mumewe?"

"Ameachika."

Mama mkwe akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Nikaona fikra inamjia usoni, nami nikashindwa kuizuia. Alitoka ua mzima unamwona, akapiga hodi na kuingia kwa pamoja.

Jirani alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, pua nyekundu. Nyuma yake, kwenye kona pana, lilikuwa limelala godoro la mistari ya buluu na nyeupe, na kila mtu wa ukoo wetu anaijua mistari hiyo. Juu yake amepanga nguo za wateja.

Mama mkwe akaegemea mlango.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini aniambie 'mke wangu halali.' Mtu mwenye mke mmoja ana haja gani ya kutaja halali? Anamwita tu mke. Kumbe halali yuko ukuta huu, na asiye halali yuko ukuta huu. Halali anapewa ngumi, na huyu anapewa godoro langu."

Jirani akatema pini. "Mama, unamwambia nani?"

"Ni nani aliyekuletea hilo?"

"Mumewe huyu. Kalileta kichwani, mchana, watu wote wamemwona!"

"Haoni hata haya," mama mkwe akasema. "Mchana!"

"Mimi nimeombwa nihifadhi! Muulize mkewe, alishika pembe!"

"Ulishika pembe?" Mama mkwe akanigeukia, na uso aliokuwa nao sitausahau. "Mwanangu. Amekulazimisha na kulibeba?"

Kabla sijajibu, mume wangu akatokea mlangoni, mikono ina grisi, anahema. Akamwona mama yake. Akaliona godoro. Akaniona mimi. Yule mtu hana maneno, lakini akili anayo, akaelewa hesabu yote imefika wapi. Nikamtazama nikimwomba aseme. Akanitazama akiniomba nisiseme. Akatikisa kichwa kidogo sana, akimwonyesha mama yake kwa macho.

"Mama," akasema, "kosa ni langu."

"Kosa lipi? La kumpiga au la godoro?"

Akafikiri.

"Yote."

"Yote?" Jirani akasimama, nguo zikamdondoka mapajani. "Na mimi nimo kwenye hayo yote? Wewe fundi una wazimu? Nina wateja mimi, nina jina! Kesho nani ataleta kitambaa chake hapa?"

Mlangoni ua ulikuwa umeshajaa. Kuna mtu alikuwa amekuja na kiti chake.

Mama mkwe hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisogea mpaka kwenye kona, akaondoa nguo za wateja moja moja, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya cherehani. Kisha akakaa juu ya godoro lake.

"Baba yako alipofariki," akamwambia mwanawe, "sikuwa nalala. Unakumbuka? Ulikuwa unaniuliza, mama mbona taa inawaka. Nilikuwa nashona hili. Nikasema, mimi usingizi umenikimbia, lakini mwanangu akioa, yeye na mwenzake walale. Awepo mtu kwenye ukoo huu anayelala. Nawe umelibeba kichwani ukaleta hapa."

Mume wangu akajiegemeza ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa grisi, ukabaki mweusi wote. Sijawahi kumpenda kama dakika ile, na sijawahi kutamani kumfinya namna ile.

"Jumapili ukoo unakaa," mama mkwe akaendelea. "Baba zako wadogo wote nitawaita. Utayasema mbele yao hayo yote yako. Na mkeo anaondoka na mimi leo. Atalala kwangu, kitanda kimoja na mimi, juu ya godoro hili hili, mpaka macho yake yatakate."

Wasomaji wangu, niliona maisha yangu yanapita.

Lakini si hilo lililonifungua mdomo, msinipe ubaya nisiostahili. Ni mume wangu. Alikuwa amekubali. Alikuwa tayari kukaa mbele ya baba zake wadogo aitwe mpiga wanawake na mzinzi, abaki na jina hilo mpaka mvi, ili tu mama yake asijue kwamba godoro linaniumiza. Na jirani yangu alikuwa analia, yule aliyekuwa ananipa pole kila asubuhi bila kukosa. Nikaona nikinyamaza tena, itakuwa mimi ndiye niliyewapiga wote.

"Mama," nikasema. "Hajanipiga. Wala hana mwanamke mwingine, hata wa kumwazia. Nimekuacha uamini kwa sababu niliogopa. Lile neno alilokuandikia ni la kulala. Alikuwa anakwambia mkewe hapati usingizi. Mimi silali, mama. Ndiyo hilo tu. Silali."



Mama mkwe akaitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Midomo yake ikacheza.

"Mke wangu... ha-la-li." Akarudia. "Halali. Hasinzii?"

"Ndiyo, mama," mume wangu akasema.

"Halali!"

"Ndiyo."

"Wewe mtoto!" Akaanza kucheka. Alianza kidogo, kisha mabega yakamtikisika, kisha akalala chali juu ya godoro akicheka, anajifuta macho kwa kanga. "Maneno yote yaliyopo duniani, ukakosa 'hapati usingizi'! Nimevaa nguo ya msiba! Nimemwambia na dereva wa basi!"

Ua mzima ukalipuka. Aliyekuja na kiti alicheka mpaka akasimama. Jirani akacheka huku analia, mama mkwe akamvuta akamkumbatia, akamwomba radhi, akasema nguo yake ijayo atakuja kuishonesha hapo hapo. Mume wangu akateleza ukutani mpaka chini, akakaa sakafuni, anacheka bila sauti na uso wake wa grisi. Hata mimi nikacheka. Nilisikia kifua kinafunguka, nikasema moyoni, tumeponea.

Watu wakaanza kutawanyika. Mama mkwe akaketi vizuri, akajipangusa, akanivuta nikakaa karibu naye. Alikuwa bado anatabasamu. Kiganja chake kilikuwa kinalipapasa godoro taratibu, anausoma mshono wake kwa vidole.

"Haya," akasema. "Basi tatizo ni dogo. Mwanangu, hulali kwa nini?"

Jirani akaanza kutafuta pini zake. Mume wangu akaitazama sakafu.

Nikamshika mkono ule mwingine. Ulikuwa mwepesi, na ncha za vidole ngumu kwa sindano.

"Mama," nikasema, "usikasirike."

Kiganja chake kikaacha kupapasa.